Ala Laini ya Koplo Makokha

Nyinyi mnaojifunza kushona ngozi siku hizi, na nyinyi wengine mliopewa leseni ya bastola mkadhani mmepewa pambo la kuvaa kiunoni, haya ni yenu. Mjukuu wangu ameniambia niandike vile ninavyoongea, nisijifanye mwalimu. Basi mkiona nimewakaripia, msinune. Hapa mtaani Ziwani wamenizoea.

Nimeshona ngozi katika soko la Kariokor, hapa Nairobi, tangu nikiwa msichana mpaka macho yalipokataa kuona tundu la sindano. Nilishona viatu, mikanda na mikoba, lakini kazi iliyosomesha watoto wangu ni ala za bastola. Ala ni ule mfuko wa ngozi unaofungwa kwenye mshipi, bastola inakaa ndani yake. Wateja waliita holsta. Mzee Juma, fundi aliyenifundisha, hakulipenda neno hilo. Alisema kisu kina ala na upanga una ala, sasa bastola imekuwa nani hata itafutiwe jina jingine? Waliokuja kwetu walikuwa hasa askari wanaofanya kazi kwa nguo za kiraia, na wafanyabiashara wa jumla wenye leseni.

Mzee Juma alikuwa ameshona matandiko ya farasi ujanani mwake, kabla ya kuja kukodi kibanda Kariokor. Maneno yake yalikuwa machache, na yote yaliuma. Ala yangu ya kwanza niliishona kwa mapenzi. Sasa elewa jambo moja kuhusu Kariokor. Mteja akishika kiatu, kwanza anakikunja. Kikikunjika bila kulia anasema, "Hii ni laini," halafu anaingiza mkono mfukoni. Laini ndiyo sifa yetu. Kwa hiyo nami nilitafuta ngozi laini kuliko zote na nikashona ala ambayo ungeweza kumfunikia mtoto mchanga. Mzee Juma aliiweka mezani, akaibonyeza kwa kidole kimoja, ikalala kama chapati.

"Hii ni soksi," akasema. "Bastola haivai soksi."

Akakata mishono yote mbele ya wateja. Niliona aibu nikaenda kulia nyuma ya kibanda, na nilimchukia wiki nzima. Siku hizi nikimkumbuka namwombea.

Acha niwaeleze kwa nini alikuwa na haki. Bastola nyingi za zamani zilikuwa na sefti ya nje, kile kidude cha ubavuni unachokisukuma kwa kidole gumba. Ukisahau kukitoa, hata ukivuta triga, kile kifyatulio, namna gani, haitoki kitu. Halafu zikaja hizi nyingi za sasa, ambazo kidude hicho hazina. Usalama wake wa ndani unaizuia isilie ikianguka chini, lakini triga ikibanwa, inalia. Na bastola haina akili ya kujua kilichoibana ni kidole, ni kona ya shati, ni kamba ya jaketi, au ni ngozi. Kwa hiyo sefti iliyotolewa kwenye chuma imehamia sehemu tatu: kwenye ala, kwenye kidole chako, na kwenye macho yako. Ukikosa moja, hizo mbili nyingine zinafanya kazi ya kubahatisha.

Ala nzuri ni ngumu. Unachukua ngozi nene, unailoweka kwenye maji, unaivalisha bastola ya mti, halafu unaikandamiza kwa kipande cha mfupa mpaka ichukue umbo lote. Unaiacha kivulini ikauke, si juani, la sivyo inajikunja. Ikikauka inalia ukiigonga. Mdomoni unaongeza ngozi ya pili, na katikati yake unaficha ukanda mwembamba wa chuma, ili bastola ikitoka mdomo ubaki wazi, usilale. Na triga lazima ifunikwe yote. Ukiona triga upande wowote bastola ikiwa ndani, hiyo ala tupa. Pia usimshonee mtu ala ya "saizi zote". Kila bastola ina umbo lake, na ala isiyo yake inaachia nafasi ya mashetani kuingia.

Bastola yangu ya mti ilichongwa na seremala wa jirani, na aliichonga vizuri kupita kiasi, na tundu la triga akalitoboa. Siku moja nilikuwa narudi nayo nyumbani kwenye kiondo, mpini ukiwa umechungulia nje. Mama wa mandazi aliuona, akaacha karai motoni akakimbia. Waliokuja baadaye ni askari, nao hawakuuliza maswali. Nilalie tumbo, mikono kichwani, sketi yangu ya kanisani kwenye tope la Ziwani. Walipogundua ni mti walicheka mpaka wakashika magoti. Mimi sikucheka, kwa sababu kijana mmoja wao alikuwa anatetemeka, na kidole chake kilikuwa ndani ya triga. Kesho yake Mzee Juma aliipaka ile bastola rangi ya njano, kama ndizi mbivu, na njano ikabaki.

Mteja mwingine alikuwa mama wa nafaka, tajiri, anauza jumla. Alikuja kutengenezewa mkoba, akaniambia bastola yake anaiweka humo humo pamoja na funguo, kalamu na rangi ya midomo. Nilimwuliza kama ana haraka ya kufa.

"Lakini siigusi, mama," akasema.

"Wewe huigusi. Kalamu inaigusa."

Nilimshonea mkoba wenye chumba cha pekee, kigumu, chenye kifuniko, kisichoingia kitu kingine hata sarafu. Alilalamika kwamba umekuwa mzito. Nikamwambia uzito huo auzoee.

Sasa nije kwa Koplo Makokha, kwa sababu ndiye aliyenifanya niandike.

Makokha alikuwa askari wa nguo za kiraia, mtu wa kwetu magharibi, mpole, anaishi mtaa wa Huruma na mke wake na binti yao Faith. Walikuwa na chumba kimoja na pazia katikati. Alipopewa bastola isiyo na sefti ya nje alikuja kwangu, na nilimshonea ala ambayo mpaka leo naiona kuwa kazi yangu bora. Ilikuwa ngumu kama ubao. Nilimfundisha kama nilivyomfundisha kila mtu. Ukirudisha bastola kwenye ala, hakuna haraka, anayekimbizwa hairudishi. Kidole kimenyooka ubavuni, mbali na triga. Mkono mwingine unavuta shati na jaketi kando. Unainamisha kichwa, unaangalia mdomo wa ala, ndipo unaingiza polepole. Ikikataa, usisukume. Toa uangalie kimeziba nini. Na ukifika nyumbani, usiichomoe bastola. Fungua mshipi, vua ala nzima na bastola ikiwa ndani, ufungie vyote pamoja.

"Sawa, Mama Wafula," akasema. Aliniita hivyo kwa jina la mwanangu wa kwanza. "Lakini inanikwaruza kiuno."

"Vumilia. Wanawake wanavaa viatu virefu."

Shida ilianzia kwenye sanduku. Sanduku lake la chuma pale nyumbani lilikuwa dogo. Bastola iliingia, ala haikuingia. Kwa hiyo kila jioni alichomoa bastola akaifungia, na ala ikabaki inaning'inia kwenye msumari ukutani, tupu. Mke wake, Mama Faith, alikuwa anaiona hapo.

Asubuhi moja, Makokha akijiandaa kwenda kazini, aliichukua bastola akaisukuma kwenye ala huku anamwelekeza Faith namna ya kufunga tai ya shule. Macho yake yalikuwa kwenye tai. Bastola ikalia. Risasi ilipita kwenye paja lake ikatokea kwenye goti, ikaingia kwenye mtungi wa maji. Faith alikuwa amesimama kando ya mtungi. Maji yalimwagika miguuni mwake, naye mtoto akadhani ni damu yake.

Niliyajua haya kwa sababu mwenzake wa kazini alikuja Kariokor na ile ala ndani ya mfuko wa karatasi, akaitupa mezani kwangu mbele ya watu wote.

"Tazama kazi yako," akasema.

Niliishika, na mikono yangu ikajua kabla ya kichwa. Ilikuwa laini. Ukanda wa chuma ulikuwa umetoka kwenye makao yake, na mdomo umelala kwa ndani, mkunjo mzima wa ngozi ukiwa umeingia pale pale penye triga, umechanika. Nikainusa. Mafuta ya ng'ombe. Harufu hiyo nimekua nayo Bungoma, siwezi kuikosea. Mtu alikuwa ameipaka ala hii mafuta nje na ndani, si mara moja.

Nilikwenda hospitali nimewaka. Nilimkuta Makokha amelala, mguu umefungwa kutoka juu mpaka chini. Sikumpa hata pole, Mungu anisamehe.

"Nani alipaka hii kitu mafuta?"

Aliangalia mlango kwanza. Mama Faith alikuwa ametoka kutafuta maji ya moto ya uji. "Shusha sauti," akaniambia. "Ni Mama Faith. Kila Jumamosi akipaka viatu vya kanisani, aliipaka na ala. Baba yake alikuwa anapaka kamba za maksai hivyo, zisipasuke. Nilimwona akipaka. Ilipoanza kulainika nilifurahi, maana ilikuwa imeacha kunikwaruza."

"Na wakubwa wako umewaambia nini?"

"Kwamba sikuangalia. Na ni kweli, sikuangalia. Ningeangalia ningeuona ule mkunjo."

"Watakutoa cheo, Makokha."

"Wakitoa, watoe." Akanishika mkono, na mkono wake ulikuwa wa moto. "Mama Wafula, Faith alikuwa karibu na ule mtungi kuliko vile uko karibu na mimi sasa. Mke wangu akijua ni mafuta yake, hatalala tena maisha yake yote. Niahidi hutamwambia."

Mama Faith akaingia na chupa ya maji moto, akanisalimia kwa heshima, akaniuliza kama nimekula. Nilimwahidi Makokha kwa macho.

Nyinyi vijana mnaniona mzee mwenye mdomo. Hamjui ahadi ile ilinigharimu nini. Kariokor neno lilizunguka upesi: ala za Mama Wafula zinafyatua. Askari niliowashonea walizirudisha. Mwanamume mmoja mwenye kibanda mkabala na changu, ambaye mimi ndiye niliyemwazima sindano alipoanza, alikuwa anawaita wateja kwa sauti, "Njooni huku kwa salama." Nilikuwa na jibu mdomoni kila siku, jibu la kweli, na nililimeza. Nilikuwa nikifika nyumbani natupa sufuria. Uchungu wa kusingiziwa kazi mbaya, na wewe unaijua kazi yako, haufanani na uchungu mwingine. Makokha naye alivuliwa cheo, akawekwa kulinda lango, anachechemea kwenda na kurudi. Niliona kwamba ikiwa yeye ameweza, basi na mimi ninaweza.

Ningeenda na ahadi hiyo kaburini kama Mama Faith asingekuja mwenyewe.

Alikuja asubuhi moja, miezi kadhaa baadaye, kibandani hakuna mteja, maana hawakuwepo siku hizo. Alikuwa na mkebe amefunga kwa leso. Akaketi kwenye kigoda, akaanza kuufungua mkebe kwa uangalifu, kama mtu aliyeleta chakula cha mgonjwa.

"Mama Wafula, nimesikia watu wanavyokusema," akasema. "Nimekasirika sana. Mimi nawaambia si kweli, ile ala niliitunza mimi mwenyewe kwa mikono yangu, haikuwa na kasoro. Ilikuwa laini hivi." Akasugua kitambaa cha leso kati ya vidole. "Nimekuletea mafuta. Nimeagiza kutoka nyumbani. Wake wa askari wenzake Baba Faith nimewagawia pia, nikawaonyesha namna ya kupaka."

Nikamwuliza: "Umewagawia wangapi?"

"Wote wa jengo letu. Ala zao zilikuwa zimekauka, masikini, kama mbao."

Nilikaa nikimwangalia. Huyu mama alikuwa na uso wa mtu mwema kabisa, na alikuwa amezunguka nyumba kwa nyumba akilainisha kifo. Nilimfikiria Makokha kitandani, na mkono wake wa moto. Halafu nikawafikiria watoto wa jengo zima, kila mmoja amesimama kando ya mtungi wa maji. Nikajua ahadi yangu imekwisha.

Lakini maneno yalikataa kutoka. Mimi, mwenye mdomo wote huu. Kwa hiyo nilifanya ninachokijua. Nilitoa ala mpya, ngumu, nikampa ile bastola ya njano. "Ingiza," nikamwambia. Akaingiza, ikaenda mpaka mwisho, ikakaa. "Toa." Akatoa. Mdomo ulibaki wazi, unatutazama.

Ndipo nikafungua droo nikatoa ala ya mume wake. Nilikuwa nimeitunza. Aliitambua, akatabasamu kidogo, akaipapasa.

"Sasa ingiza humu. Usiangalie. Niangalie mimi, kama unayeongea na mtoto."

Aliniangalia, akasukuma. Ikaenda nusu, ikakataa. Akasukuma tena.

"Simama hapo hapo," nikamwambia. "Sasa angalia."

Akainama. Mdomo wa ala ulikuwa umekunjwa kwa ndani, na ule mkunjo wa ngozi umeingia kwenye tundu la triga ya mti, umeibana kama kidole. Hakuhitaji kuelezwa. Aliangalia ngozi, akaangalia mkebe wake, akaangalia ngozi tena. Leso ikaanguka chini, hakuiokota.

"Baba Faith anajua?" akauliza.

"Anajua."

"Tangu lini?"

"Tangu hospitali. Alinikataza nisikuambie."

Nilidhani atapiga kelele, na ningemshika. Badala yake alisema polepole, "Miezi yote hii namkanda ule mguu kwa mafuta haya haya. Ananiambia asante." Kisha akalia, na mimi nikaacha kila kitu nikalia naye, wanawake wawili na bastola ya njano katikati. Nilimwambia ukweli, kwamba ngozi ya kamba inataka mafuta, na hakuna aliyewahi kumfundisha kwamba ngozi ya ala haitaki. Ala inafutwa kwa kitambaa kikavu, basi, na ikilegea inatupwa.

Alipomaliza kulia alifunga mkebe. Akaniomba vitu viwili, ile ala ya mume wake na bastola ya njano. Nilimpa. Sikumwuliza ni za nini.

Jioni hiyo hiyo alianza mlango wa kwanza wa jengo lao. Alikusanya kila ala aliyoipaka. Baadaye akaenda majengo mengine, mpaka mtaa wa Kware, kwa wake wa askari asiowajua. Maneno yake mimi niliyasikia, kwa sababu siku moja nilimfuata. Aligonga mlango, mama kijana akafungua, na Mama Faith akasema bila kuzunguka: "Mimi ndiye niliyemlemaza mume wangu, na sikumchukia hata siku moja. Lete ala ya mume wako nione." Kisha aliingiza kidole mdomoni mwa ala, akaubonyeza. Ukilala, aliondoka nayo. Wengi wa waume hao walikuja kwangu baadaye, hawana pa kuweka bastola, na mimi nikawashonea nyingine. Yule jirani wa "njooni kwa salama" aliniletea chai. Niliinywa, lakini sikumsifia.

Siku hizi ala nyingi ni za plastiki ngumu. Watu hutarajia nizitukane. Sizitukani. Hazilainiki, hazinywi mafuta, na zikishika vizuri triga haionekani. Lakini shati bado ni shati, na kamba ya jaketi bado inaingia pale pale. Nikiona kijana ameichomeka bastola kwenye suruali bila ala, eti ndiyo staili, natamani kumchapa. Plastiki haikupi macho. Macho ni yako.

Jumapili iliyopita nilikwenda Huruma kuwaona. Faith sasa ni mtu mzima, anafanya kazi ya ofisini. Makokha amestaafu, fimbo yake iko mlangoni. Ile bastola ya njano inaning'inia kwenye msumari uliokuwa wa ala. Alikuwepo kijana wa jirani ambaye ndiyo kwanza ameajiriwa uaskari, amekuja kuaga, na Mama Faith akaitungua bastola ya njano ili amfundishe.

"Kosa lilikuwa langu," akaanza. "Niliipaka mafuta."

"Si lake," Makokha akasema kutoka kitini. "Mimi sikuangalia."

"Hata ungeangalia, mdomo ulikuwa umeshalegea."

"Ningeangalia ningeuona. Ni langu."

Yule kijana alinigeukia mimi, hajui amsikilize nani. Nikamwambia awasikilize wote wawili, kwa sababu miaka yote hii wanalinyang'anyana hilo kosa, kila mmoja anataka liwe lake, na sijawahi kumwona hata mmoja akimwachia mwenzake.